Kwotabeki mzuri kiasi: umshikilie au utafute nyota?

Ligi ya NFL ina timu 32, na kwa jicho langu timu zenye kwotabeki anayewanyima wapinzani usingizi hazifiki kumi msimu wowote. Chini kabisa zipo zile ambazo hazina mtu, na mashabiki wao wanalijua hilo kabla Oktoba haijaisha. Uamuzi mgumu hauko kwenye makundi hayo mawili. Uko katikati, kwa timu yenye mtu anayerusha pasi zake vizuri, hafanyi mambo ya ovyo, anashinda mechi tisa au kumi kwa msimu, kisha Januari ikifika anafungashwa virago na timu yenye kwotabeki anayemzidi.

Huyo umshikilie au umwache? Wengi hujibu kwa hasira ya mechi ya mwisho waliyoitazama. Mimi naona inafaa tulipime jambo hili kwa timu zilizokwisha kulipitia, zilizoridhika na zilizokataa kuridhika, maana zote zililipa gharama na gharama hizo zinajulikana.

Kwa msomaji aliyezoea soka zaidi: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila unapoanzishwa, na ndani ya sekunde tatu hivi anaamua aurushe kwa nani, ampe mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Katika soka hakuna nafasi inayobeba mzigo kama huo. Kiungo akiwa na siku mbaya, wenzake wanaweza kumfichia aibu. Kwotabeki akiwa na siku mbaya, wapokeaji wenye kasi ya ajabu wanabaki wanakimbia bure.

Kwanza bei

Kikomo cha mishahara kilianza kwenye ligi hii mwaka 1994. Mwaka 2024 kila timu iliruhusiwa kutumia dola milioni 255.4 kwa wachezaji wake wote. Septemba mwaka huohuo Dallas Cowboys walimpa kwotabeki wao Dak Prescott mkataba wa wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe uone kinachobaki kwa mabeki, walinzi wa mstari wa mbele, wapokeaji na wakimbiaji. Tajiri hawezi kuchomoa fedha mfukoni akaziba pengo, kwa hiyo kila dola anayoongezewa kwotabeki imetoka kwa mwenzake.

Upande wa pili, tangu makubaliano ya kazi ya 2011, mchezaji mpya anayechukuliwa kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, zilizofanya vibaya zikianza) analipwa kwa ngazi maalumu, na hubaki kwenye mkataba huo wa bei nafuu kwa miaka minne. Seattle Seahawks walipowachapa Denver Broncos 43-8 kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2014, kwotabeki wao Russell Wilson, aliyepatikana raundi ya tatu, alikuwa akiwagharimu chini ya dola milioni moja kwa msimu. Fedha zilizobaki zilijenga kikosi kilichowazidi Broncos kila mahali uwanjani.

Ndiyo maana nasema swali la kama kwotabeki mzuri kiasi anatosha halina jibu kabla hujataja bei. Mtu yuleyule, mwenye uwezo uleule, ni neema akilipwa milioni moja na ni mzigo akilipwa milioni arobaini. Mabishano mengi juu ya makwotabeki yanaruka hapa, yanaanza na kipaji, na ndiyo maana hayaishi.

Walioridhika wakafika mbali

Mfano unaotajwa kila mara ni Baltimore Ravens wa mwaka 2000. Walicheza mechi tano mfululizo bila safu yao ya mashambulizi kufunga tachidauni (kufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani) hata moja. Katikati ya ukame huo kocha Brian Billick akamweka kando Tony Banks na kumwingiza Trent Dilfer, mtu ambaye Tampa Bay walikuwa wamemwachia aende zake. Dilfer hakuwa na maajabu. Kazi yake ilikuwa kutopoteza mpira, kuwaachia wakimbiaji, na kutoka nje ya uwanja ili Ray Lewis na wenzake waingie. Safu hiyo ya ulinzi iliruhusu pointi 165 tu kwa msimu mzima wa mechi 16. Timu ikashinda mechi 11 mfululizo na kumaliza kwa kuwapiga New York Giants 34-7, tena huko huko Tampa alikofukuzwa Dilfer.

Watu huishia hapo. Lakini ili mbinu hiyo ifanye kazi ilibidi Baltimore wawe na mojawapo ya safu bora za ulinzi zilizowahi kuonekana. Wao wenyewe hawakuamini kwamba Dilfer anatosha, na msimu ulipokwisha walimwacha aondoke wakamleta Elvis Grbac, aliyelipwa zaidi lakini hakuwafikisha hata walikofika na Dilfer.

Denver Broncos walipita njia iyo hiyo kwa sura nyingine. Msimu wa 2015 kwotabeki wao Peyton Manning alikuwa amezeeka. Kwenye msimu wa kawaida alirusha tachidauni 9 na pasi 17 zilizonaswa na wapinzani. Kwa takwimu hizo hakufikia hata kiwango cha mzuri kiasi. Von Miller na safu ya ulinzi walimbeba mpaka ubingwa, 24-10 dhidi ya Carolina. Manning akastaafu. Broncos hawakugusa tena hatua ya mtoano mpaka msimu wa 2024. Ulinzi mkali ni mali inayoisha haraka: wachezaji wake wanaumia, mikataba inakwisha, timu nyingine zinawanunua. Ukiutegemea ukufichie udhaifu wa kwotabeki, una miaka miwili au mitatu, basi.

San Francisco 49ers wa msimu wa 2019 ndio wanaonifikirisha kuliko wote, kwa sababu wanaonyesha pande zote mbili ndani ya majuma mawili. Kwenye mechi ya kuwania kwenda Super Bowl, dhidi ya Green Bay, kwotabeki wao Jimmy Garoppolo alirusha mpira mara 8 tu. Mechi nzima! Mkimbiaji Raheem Mostert alikata yadi 220 na kufunga mara nne, wakashinda 37-20. Ungesema kwotabeki si kitu. Kisha ikaja fainali na Kansas City. 49ers wakaongoza 20-10 robo ya mwisho. Kwotabeki wa Kansas City, Patrick Mahomes, akiwa kwenye jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa na anahitaji yadi 15, akarudi nyuma kabisa na kurusha pasi ya yadi 44 kwa Tyreek Hill. Muda mfupi baadaye Garoppolo naye akapata nafasi yake: Emmanuel Sanders alikuwa amewaacha mabeki nyuma, ilikuwa pasi moja tu ya kuurudisha uongozi. Mpira ukampita juu. Ikaisha 31-20.

Hapo ndipo tofauti ya mzuri kiasi na nyota inapoonekana. Kwa dakika 50 za kwanza unaweza usiione kabisa. Mpango wa kocha unafanya kazi, wakimbiaji wanakata yadi, kwotabeki anafuata alichoambiwa. Nyota unamlipa kwa ajili ya ule wakati mpango unapovunjika, na hatua ya mtoano ndiko mipango inakovunjwa, kwa kuwa kila mpinzani aliyebaki ni mzuri.

Waliokwenda kutafuta

Kutafuta nako kuna makaburi mengi. Mwaka 2017 Chicago Bears walitoa nafasi kadhaa za drafti ili wasogee hatua moja tu, kutoka ya tatu hadi ya pili, wakamchukua Mitchell Trubisky. Mahomes alichukuliwa wa kumi mwaka huohuo. Mwaka 2021 hao hao 49ers, waliochoka na Garoppolo, walitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili wampate Trey Lance akiwa chaguo la tatu. Alianza mechi nne, kisha akapelekwa Dallas kwa nafasi ya raundi ya nne. Aliyewafikisha tena Super Bowl alikuwa Brock Purdy, mtu wa 262, wa mwisho kabisa kuitwa kwenye drafti ya 2022.

Kununua mkongwe mwenye jina si salama zaidi. Mwaka 2022 Denver walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na wachezaji watatu miongoni mwa mengine ili wampate Russell Wilson, wakamwongezea mkataba wa dola milioni 245, na miaka miwili baadaye wakamwachia huku dola milioni 85 zikiendelea kuhesabiwa kwenye kikomo chao. Mtu akasoma orodha hiyo akasema: usiache mbachao kwa msala upitao. Namwelewa kabisa.

Lakini itazame Cincinnati. Andy Dalton aliwapeleka Bengals kwenye mtoano miaka mitano mfululizo, 2011 hadi 2015, na hawakushinda mechi hata moja huko (ule mwaka wa tano Dalton alikuwa ameumia kidole gumba, haki yake isemwe). Ilibidi timu iporomoke mpaka ushindi mechi mbili kwa msimu mzima wa 2019 ndipo ikampata Joe Burrow akiwa chaguo la kwanza, na msimu wake wa pili tu wakawa kwenye Super Bowl. Mtego wa kwotabeki mzuri kiasi ni huo: anakushindia mechi za kutosha kukuweka mbali na nafasi za juu za drafti, na hakushindii za kutosha kukupa ubingwa.

Wapo pia wanaojidanganya kuwa wanatafuta, kumbe wanazungukazunguka. Indianapolis Colts, timu ambayo Mkenya Daniel Adongo alijiunga nayo mwaka 2013 akitokea raga, ilimpoteza Andrew Luck alipostaafu ghafla Agosti 2019 akiwa na miaka 29. Misimu minne iliyofuata walianza na Jacoby Brissett, Philip Rivers, Carson Wentz, Matt Ryan. Kila mmoja alikuwa amechezea timu nyingine kwanza, kila mmoja akitazamiwa kuziba pengo. Sioni faida ya njia hii hata kidogo. Unalipa bei ya mkongwe, hupati mwendelezo wa mkongwe, na wala hujaanza kumlea kijana.

Kosa ambalo halisameheki

Kama kuna njia moja ningeipigia kelele kila timu iikwepe, ni ya New York Giants. Msimu wa 2022 Daniel Jones alicheza vizuri, akashinda mechi moja ya mtoano dhidi ya Minnesota. Machi 2023 wakampa mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 160. Mkimbiaji wao Saquon Barkley, aliyekuwa roho ya mashambulizi yale, hakupata mkataba wa muda mrefu. Novemba 2024 Jones aliachwa. Barkley, wakati huo, alikuwa Philadelphia akielekea kumaliza msimu na yadi 2,005 na ubingwa wa Super Bowl, akivaa jezi ya mahasimu wa Giants wa kundi lilelile la ligi.

Jones hakuwa na kosa lolote kuchukua alichopewa. Kosa lilikuwa la waliochukua msimu mmoja mzuri wa mtu mzuri kiasi wakaupachika bei ya nyota kwa sababu ya hofu ya kubaki bila mtu.

Goff na Stafford, timu mbili, jibu tofauti

Sasa nifike kwenye biashara ambayo naona inafundisha kuliko zote, kwa sababu timu mbili zilibadilishana makwotabeki na zote mbili zikafaidika.

Los Angeles Rams walikuwa na Jared Goff. Chaguo la kwanza la mwaka 2016, akawafikisha Super Bowl ya Februari 2019, na huko New England wakawazuia kufunga tachidauni yoyote: 13-3. Hata hivyo Rams wakampa mkataba wenye dola milioni 110 za uhakika. Ndani ya misimu miwili kocha Sean McVay alikuwa amechoka. Alijua kikosi chake, chenye Aaron Donald na Cooper Kupp, kimekomaa na hakitakaa hivyo milele.

Detroit Lions walikuwa na Matthew Stafford, mwenye mkono wa ajabu, miaka 12 bila kushinda mechi hata moja ya mtoano. Hiyo pekee inatosha kumjibu anayesema nyota anatosha peke yake.

Mapema 2021 wakabadilishana. Rams walimtoa Goff pamoja na nafasi mbili za raundi ya kwanza na moja ya raundi ya tatu. Msimu huohuo Stafford alinaswa pasi 17, nyingi kuliko karibu kila mtu kwenye ligi. Goff hangevumiliwa kwa hilo. Lakini kwenye fainali na Bengals, wakiwa nyuma, Stafford aliwaendesha yadi 79, akarusha kwa Kupp pasi moja bila hata kumtazama, na kumaliza kwa tachidauni ikiwa imebaki dakika moja na sekunde 25. Ushindi 23-20. Mwaka uliofuata Rams walishinda mechi tano tu, na sidhani kama kuna shabiki wao aliyejutia.

Detroit hawakuwa na haraka. Walikuwa wanajenga upya, na Goff walipewa kama mzigo wa kusindikiza nafasi za drafti. Wakamtumia kama mtu wa kushika usukani wakati kikosi kinakua: Penei Sewell mbele yake, Amon-Ra St. Brown kwa pasi fupi, kisha Jahmyr Gibbs na Sam LaPorta, ambao wote wawili walipatikana kwa kuigawa nafasi iliyotoka Rams. Mwaka wa kwanza walishinda mechi tatu. Mwaka wa tatu walishinda 12. Januari 2024 Goff akawapiga Rams wenyewe, Stafford akiwa upande wa pili, 24-23, na Detroit ikapata ushindi wake wa kwanza wa mtoano tangu Januari 1992. Uwanja mzima ulikuwa ukiimba jina lake, na mimi naona aliustahili kila wimbo.

Je, hilo linathibitisha kuwa mzuri kiasi anatosha? Nusu. Juma la pili baadaye waliongoza 24-7 mapumziko dhidi ya San Francisco wakafungwa 34-31, na lawama kubwa haikuwa ya Goff. Wapokeaji waliangusha mipira na kocha Dan Campbell alikataa pointi za kupiga mpira kwa mguu kati ya milingoti. Lakini msimu uliofuata, baada ya kupewa mkataba wa dola milioni 212 na timu kushinda mechi 15 na kupoteza 2, Washington walikuja na kijana wa mwaka wa kwanza, Jayden Daniels, wakashinda 45-31. Siku hiyo Goff alinaswa pasi tatu na kupokonywa mpira mara moja. Ulinzi wa Detroit ulikuwa umejaa majeruhi, ilihitajika mtu wa kuwabeba, na hakupatikana.

Kwa hiyo uchague vipi

Mimi ningeanza na umri wa kikosi. Kama walinzi na wapokeaji wako bora wana miaka 23 au 24, mzuri kiasi anatosha kwa sasa, maana atawafundisha kushinda na hatakula fedha zao. Detroit ya 2022 haikuhitaji Stafford. Kama walio bora wana miaka 29 na mikataba inaisha, mzuri kiasi anawapotezea muda. Nenda ukanunue kama Rams, na ukubali mapema kwamba utalipa baadaye.

Kisha mkataba. Mzuri kiasi kwa bei ya mchezaji mpya: shikilia, tena kwa furaha. Kwa bei ya kati na mkataba mfupi: shikilia, huku unatafuta. Akitaka bei ya nyota, mwachie aende hata kama huna mbadala. Najua hili linauma. Mwaka mmoja wa kushinda mechi nne unauma kidogo kuliko miaka mitatu ya kushinda saba na mfuko mtupu.

Na kocha wako ni nani? Kyle Shanahan wa 49ers anaweza kumpa mtu wa 262, kama Purdy, kazi nyepesi akaifanya vizuri. Makocha wengi hawawezi. Anayetegemea kwotabeki amwokoe hana haki ya kuridhika na mtu wa kawaida.

Ukiniuliza timu niliyoona ikiamua vizuri kuliko zote, ni Kansas City. Alex Smith alikuwa mzuri kiasi kwa kipimo chochote: mshindi wa mechi 50 na mpotezaji wa 26 chini ya Andy Reid, mtoano mara nne katika miaka mitano, ushindi mmoja tu huko. Hawakumdharau, hawakumtupa, wala hawakungoja aharibikiwe. Mwaka 2016 walishinda mechi 12, na Aprili iliyofuata wakatoa nafasi yao ya raundi ya kwanza ya 2018 pamoja na nafasi nyingine ili wapande kutoka ya 27 hadi ya 10 na kumchukua Mahomes. Wakamkalisha benchi karibu mwaka mzima ajifunze kwa Smith, na Smith akacheza msimu bora wa maisha yake: tachidauni 26, pasi 5 tu zilizonaswa, na alama za ubora wa pasi za juu kuliko za kwotabeki yeyote wa ligi. Timu nyingine yoyote ingesema basi, tumempata. Wao Januari hiyo waliongoza 21-3 nyumbani dhidi ya Tennessee, wakafungwa 22-21, na kabla ya Super Bowl kuchezwa walikuwa wamekwisha kukubaliana na Washington kumpeleka huko.

Msimu uliofuata Mahomes alirusha tachidauni 50.